Jirani ni nani? Ubongo, maumivu ya mwenzio na wageni wa Katavi

Tandaza ramani ya Mkoa wa Katavi, halafu weka kidole Mpanda mjini. Ukifuata reli ya kwenda Kaliua utakutana na Katumba. Ukishika njia ya kwenda Uvinza, pembeni yake kuna Mishamo. Ukiteremka magharibi mpaka ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, umefika Karema. Ni sehemu tatu tofauti, lakini historia zao zinafanana kwa jambo moja: kila moja ilipokea watu waliofika wakiwa wamepoteza karibu kila kitu.

Sasa jiweke upande wa mwenyeji. Wewe ni Mbende, Mpimbwe au Mkonongo, una shamba lako na shida zako. Siku moja wanashushwa watu usiowajua, wanaongea lugha yao, na wamepitia mambo ambayo wewe hujayaona. Je, ubongo wako unaweza kuhisi maumivu ya watu hao? Na ukiweza, hisia hiyo itadumu mpaka lini?

Swali hili lina majibu ya maabara na majibu ya historia. Katika makala hii tutayaweka pamoja, kwa sababu Katavi imeishi kwa zaidi ya miaka mia kile ambacho maabara hukipima kwa dakika chache.

Adhabu ya kaburi

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Yaani maumivu ni ya mwenyewe, wewe mtazamaji huwezi kuyajua. Lakini haohao wahenga wametuachia neno "pole". Mtu akijikwaa mbele yako barabarani unamwambia pole, ingawa hujamsukuma wala humfahamu. Neno linatoka kabla hujafikiri. Sasa nani yuko sahihi, methali au pole?

Mwaka 2004 Tania Singer na wenzake huko London walichapisha utafiti uliojibu swali hili kwa namna ya kupendeza. Walichukua jozi 16 za wapenzi. Mwanamke aliingizwa kwenye mashine ya MRI, ile inayoonyesha ni sehemu gani ya ubongo inafanya kazi zaidi, na mwanamume akakaa pembeni. Mara shoti ndogo ya umeme ilipigwa kwenye mkono wa mwanamke, mara kwenye mkono wa mpenzi wake. Mwanamke aliona alama tu iliyomwambia sasa ni zamu ya nani.

Alipoumizwa yeye, ubongo uliamka sehemu nyingi. Zipo zile zinazosema "ni mkono wa kulia, na maumivu ni makali kiasi hiki." Zipo pia nyingine mbili zinazohusika na ubaya wa maumivu, ile hali ya kutaka yaishe: insula ya mbele, iliyojificha ndani ya mkunjo wa pembeni mwa ubongo, na singuleti ya mbele, iliyo katikati. Alipoumizwa mpenzi wake, hizi mbili ziliamka tena. Zile za kupima mahali na ukali wa shoti hazikuamka.

Kumbe wote wawili wako sahihi. Shoti yenyewe aijuaye ni aliyepigwa. Ila ule uchungu wa shoti, ubaya wake, unavuka na kumfikia mwingine. Pole ina makazi yake kichwani.

Tahadhari kidogo hapa. Insula siyo "kiungo cha huruma" kama vile figo ni kiungo cha kuchuja damu. Huamka pia ukisikia kinyaa na katika hali nyingine nyingi. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba fulani "ameonekana na huruma kwenye picha ya ubongo," soma mara mbili.

Karema: kutoka kwenye uchungu kwenda kwenye kazi

Tuanze na ziwani. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga kituo Karema, na mwaka 1885 kikaenda mikononi mwa Wamisionari wa Afrika, wale waliozoeleka kwa jina la White Fathers. Huu ulikuwa wakati ambao misafara ya watumwa bado ilikuwa ikivuka ziwa hilo kutoka Kongo. Kituo kilipokea watu waliokombolewa kutoka utumwani.

Mwaka 1889 akafika Karema kijana mmoja aliyeitwa Adrian Atiman. Hakuwa mtu wa huku kabisa. Alizaliwa karibu na Mto Niger, Afrika Magharibi, mnamo 1866. Akatekwa akiwa mtoto, akavushwa Sahara, na huko Algeria wamisionari wakamnunua na kumwacha huru. Wakamsomesha udaktari Malta. Akaja Karema, akaoa hukohuko, akatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: miaka 67.

Ni rahisi kusema kwamba Atiman aliwahurumia watumwa waliookolewa kwa sababu naye alikuwa mtumwa. Inawezekana. Lakini hiyo haielezi miaka 67. Mtu anayehisi maumivu ya kila mgonjwa kama yake, kila siku, hachukui muda mrefu kabla ya kuchoka na kukimbia. Hili nalo limepimwa.

Mwaka 2007 Yawei Cheng na wenzake huko Taiwan waliwaonyesha watu picha za sindano zikichoma mwili. Watu wa kawaida insula na singuleti zao ziliamka kama ulivyotegemea. Madaktari wa tiba ya sindano, ambao kuchoma watu ndiyo kazi yao, sehemu hizo zilitulia. Badala yake ziliamka sehemu za mbele zinazotawala hisia, pamoja na makutano ya nyuma ya sikio yanayotusaidia kufikiria mwenzetu anawaza nini. Hao madaktari hawakuwa watu wabaya. Ubongo wao ulikuwa umejifunza kuweka uchungu pembeni ili mkono usitetemeke.

Singer pia, safari hii akiwa na Olga Klimecki, walionyesha mwaka 2014 kwamba kuumia pamoja na mtu na kumtakia mema mtu ni vitu viwili ndani ya ubongo. Watu waliofundishwa kuhisi tu maumivu ya waliokuwa wakiwaona kwenye video walizidi kuhuzunika. Walipofundishwa huruma, yaani kumtazama anayeumia kwa nia ya kumsaidia, huzuni ilipungua na zikaamka sehemu nyingine kabisa, zile zinazohusiana na upendo na kuridhika.

Kiswahili chetu kinazichanganya hizi mbili: zote tunaziita huruma. Lakini mama yeyote aliyemuuguza mtoto usiku kucha anazijua. Kuna kulia naye, na kuna kuinuka ukachemshe maji. Zahanati ya Karema ilisimama juu ya hiyo ya pili.

Katumba na Mishamo: mgeni siku mbili

Sasa turuke mbele. Mwaka 1972 jeshi la Burundi chini ya Rais Michel Micombero liliwaua Wahutu zaidi ya 100,000, likianza na wenye elimu: walimu, wanafunzi, makarani. Makundi kwa makundi yakavuka kuingia Tanzania. Serikali ya Mwalimu Nyerere haikuwaweka kwenye mahema mpakani. Iliwapa ardhi. Makazi ya Ulyankulu yalifunguliwa Tabora mwaka 1972, Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978, baada ya Ulyankulu kujaa watu kuliko maji na udongo wake ulivyoweza kubeba. Mishamo peke yake ilichukua zaidi ya kilomita za mraba 2,000 za pori, ikagawanywa vijiji 16.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katumba na Mishamo methali hii ilitekelezwa kama ilivyo. Familia zilipewa viwanja, zikafyeka miombo zikipambana na mbung'o, zikalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Serikali ilishirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, na shirika la kanisa la TCRS kujenga barabara, shule na zahanati. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 wafadhili walikabidhi na kuondoka, kwa sababu makazi yalikuwa yakijilisha. Mwaka 1983 Nyerere alipewa Tuzo ya Nansen, inayotolewa kwa waliowasaidia wakimbizi.

Hadithi nzuri, si ndiyo? Ndiyo. Lakini soma masharti. Makazi yalikuwa na mipaka yake, na kutoka ulihitaji kibali. Ardhi ulipewa, ila jirani yako alikuwa mkimbizi mwenzako, siyo Mpimbwe wala Mbende. Ukarimu na uzio vilikuja pamoja.

Hapa ndipo sayansi inapotuonya. Insula haimpi kila mtu haki sawa. Mwaka 2009 watafiti wa Beijing wakiongozwa na Shihui Han waliwaonyesha wanafunzi wa Kichina na wa Kizungu video za nyuso zikichomwa sindano. Singuleti iliamka zaidi uso ulipokuwa wa mtu wa kabila la rangi yao. Mwaka uliofuata Grit Hein na wenzake walifanya jaribio Zurich ambalo Mtanzania yeyote atalielewa bila kufafanuliwa: walitumia mashabiki wa mpira. Shabiki aliona shoti ikimpata mwenzake wa timu moja, au mpinzani. Kisha akaulizwa kama yuko tayari kubeba nusu ya maumivu hayo. Insula iliamka zaidi kwa mwenzake, na kadiri ilivyoamka ndivyo alivyokuwa tayari kusaidia. Kwa mpinzani, watu ambao ubongo wao ulionyesha dalili za kufurahia ndio waliomwacha aumie.

Weka Simba na Yanga hapo, utaona. Hakuna tofauti ya damu kati ya shabiki na shabiki, ni skafu tu. Lakini skafu inatosha ubongo kuamua nani ni "sisi" na nani ni "wale".

Neno "mkimbizi" nalo ni skafu. Mtu hakuzaliwa nalo, alivishwa.

Mishamo na Kigoma mjini

Kati ya 1985 na 1986 mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikaa na Warundi wa 1972 katika sehemu mbili: Mishamo, na Kigoma mjini. Kitabu chake, *Purity and Exile*, kilitoka mwaka 1995, na kinasomwa mpaka leo vyuo vikuu vingi duniani.

Walikuwa watu waliokimbia vita moja. Ila alichokikuta kilitofautiana sana. Mishamo, watu waliokuwa wamewekwa pamoja na kutengwa na wengine walikuwa wameshikilia kwa nguvu historia yao kama Wahutu. Walisimulia mauaji kwa namna moja iliyopangika, kama somo, na ndani yake kulikuwa na mistari mikali ya nani ni sisi na nani ni adui. Kigoma mjini, watu waliokuwa wametawanyika mitaani waliishi kwa majina na vitambulisho vingi. Walifanya biashara, wakaoana na wenyeji, wakajichanganya. Wengine hawakutaka hata kuitwa wakimbizi.

Malkki hakuwa na mashine ya MRI na wala hakuihitaji. Lakini soma kazi yake pamoja na utafiti huu wa mwaka 2015. Yuan Cao na wenzake walipima Wachina waliohamia Australia, wengine miezi michache tu nyuma, wengine miaka kadhaa. Kadiri mtu alivyokutana na Wazungu wengi katika maisha yake ya kila siku, ndivyo singuleti yake ilivyoitikia zaidi maumivu yao. Na haikulazimu wawe marafiki wa kufa na kuzikana. Kupishana tu sokoni, darasani na kwenye basi kulitosha kuleta mabadiliko.

Mwaka 2016 Hein alikuja na jaribio lingine. Washiriki wake, Waswisi, walitegemea kupigwa shoti, halafu mtu wa kundi la "wale", mwenye asili ya nchi za Balkani, akatoa fedha yake kuwaokoa. Baada ya kuokolewa hivyo mara chache tu, ubongo wao ulianza kuitikia maumivu ya watu wa kundi hilo, hata wale ambao hawakuwasaidia. Kilichoufundisha ubongo ni mshangao: nilitegemea baya, nikapata jema.

Tafiti hizi zilifanyika mbali na Katavi, kwa watu wachache, wengi wao wanafunzi. Haziwezi kuthibitisha kilichotokea ndani ya kichwa cha mkulima wa Mpanda. Zinachotupa ni sababu ya kuangalia upya kile ambacho historia inatuonyesha: mpaka wa "sisi" haujachongwa kwenye jiwe. Unajifunzwa, na unaweza kujifunzwa upya.

Wazee wetu walijua hili kwa njia yao. Kwenye njia za misafara ya Wanyamwezi, mtu aliyefika ugenini alihitaji mtu wa kumpokea, akiugua amuuguze, akifa amzike. Ndipo utani ukafanya kazi. Mtani anakutukana mchana kweupe nawe unacheka, na siku ya msiba ndiye anayeingia kaburini kwa kazi ambazo ndugu hawaziwezi. Utani haufuti tofauti. Unaitaja kwa sauti, halafu unaifunga na wajibu. Ukiniuliza mimi, ni teknolojia ya kijamii ya kusogeza mpaka wa "sisi", na ilikuwepo kabla ya MRI.

Insula haiandiki cheti

Tufike mwisho wa hadithi, au tuseme sura yake iliyo karibu nasi.

Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na UNHCR walianza mpango wa kumaliza suala la watu wa 1972. Kila aliyekuwa katika makazi ya zamani aliulizwa: unarudi Burundi au unaomba uraia hapa? Takribani wanne kati ya watano walichagua Tanzania. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapahapa. Mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 162,000 yalikubaliwa. Ni nadra sana duniani nchi moja kutoa uraia kwa wakimbizi wengi kiasi hicho kwa mkupuo.

Kisha jambo likakwama. Mpango wa awali uliwataka wahame makazi, watawanywe mikoa mingine, ndipo wapewe vyeti. Fikiria: umeshaukana uraia wa Burundi, cheti cha Tanzania huna, na shamba ulilolifyeka tangu pori hujui ni lako au la. Mikoa ilisita kuwapokea. Wengine wakasita kupanda msimu ule, maana ni nani anapanda mahali asipojua kama atavuna? Hali hiyo ilidumu miaka minne. Oktoba 2014, chini ya Rais Jakaya Kikwete, vyeti vikaanza kugawiwa, na watu wakaruhusiwa kubaki walipo.

Jiulize, ni nini kilichowafikisha pale? Hisia ya 1972 isingetosha. Utafiti wa Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic wa mwaka 2007 ulionyesha jambo linalokera kidogo. Watu walichangia zaidi walipoonyeshwa mtoto mmoja, Rokia, msichana wa miaka saba kutoka Mali, kuliko walipopewa takwimu za mamilioni ya wenye njaa. Walipopewa Rokia pamoja na takwimu, mchango ukashuka. Ubongo wetu umeumbwa kumwona mmoja. Watu 162,000 kwake ni ukungu.

Sheria haina insula. Haichoki, na haipendelei mtu kwa sababu anafanana nasi. Kwa sheria, mtu wa 162,000 ana haki sawasawa na wa kwanza. Ndiyo maana jamii zinazotegemea huruma ya moyoni peke yake huishiwa njiani, na zinazotegemea karatasi peke yake hubaki na raia ambao jirani zao bado wanawaita wakimbizi. Katumba na Mishamo zilihitaji vyote: jembe, kibali cha kutoka kwenda sokoni, salamu za huko sokoni, na mwisho cheti.

Mwaka 2015 Warundi wengine wengi walivuka tena, wakapokelewa Kigoma katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Safari hii hawakupewa hekta za kulima wala vijiji vya kujenga. Walipewa mgawo wa chakula na uzio. Ukiwa umesoma mpaka hapa, unaweza kutabiri mwenyewe uzio wa namna hiyo unaufundisha nini ubongo wa aliye ndani, na ubongo wa aliye nje.